Ombi la Kurudishiwa Gemu Kabla Rede Haijatumaliza

Hyattsville, Maryland
Ijumaa, 1 Agosti

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Malezi,
Jumuiya ya Wazungumzaji wa Kiswahili,
Annandale, Virginia.

Ndugu Mwenyekiti Ferdinand,

YAH: MADHARA YA MICHEZO YA NJE KWA FAMILIA YANGU

Habari za Annandale, na wifi Adela hajambo? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti la mume wangu, ambalo nitalifikia kwenye lalamiko la nne.

Kabla sijaanza, naomba nikiri jambo moja ili usije ukanikumbusha wewe. Azimio la Michezo ya Nje, lililopitishwa mwezi wa sita pale bustanini siku ya nyama choma, nililiunga mkono mimi. Ulipouliza nani anaafiki kila familia ikabidhi mashine yake ya gemu kwa Kamati mpaka shule zifunguliwe, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu, tena ulikuwa umeshika mfupa wa mbuzi. Nikapewa kipaza sauti. Nikasema sisi tulikua bila gemu na tukawa watu. Nikasema tulicheza rede mpaka mama zetu wakatuita kwa majina yote matatu. Nikasema watoto wetu wanajua kuendesha ndege ya kivita lakini hawajui kuruka mtaro. Watu walipiga makofi, na mimi mwenyewe niliamini kabisa kwamba nasema kweli. Kesho yake gari lako likapita, na mashine ya mwanangu Christopher ikaondoka imefungwa ndani ya kanga yangu.

Leo ni wiki ya saba. Naandika kwa heshima zote kukujulisha kwamba tulikosea, na kwamba nimekosea zaidi ya wote kwa kuwa nilikuwa na kipaza sauti. Malalamiko yangu ni haya.

1. Chakula. Mtoto anayecheza gemu hali sana. Unamwekea sahani pembeni, anakula kwa mkono mmoja, akimaliza hajui alikula nini, kwa hiyo haombi tena. Mtoto anayecheza nje anaingia ndani kama mkaguzi. Anafungua friji, anafungua sufuria, anauliza jana kulibaki nini. Halafu haingii peke yake. Christopher ana miaka kumi na moja na dada yake Vaileth ana minane, hao ndio niliowazaa. Lakini wiki iliyopita nilihesabu vichwa saba mezani kwangu, na kimoja sikuwahi kukiona maishani. Nilipomuuliza wewe ni wa nani, akanijibu kwa Kiingereza kwamba yeye ni wa jengo la pili, na akaomba maharage zaidi. Nilimpa. Sikulelewa kumnyima mtoto chakula. Lakini nauliza kama Kamati ilipopitisha Azimio ilifikiria unga.

2. Ulinzi. Kule kwetu mtoto akitoka nje amekabidhiwa kwa mtaa mzima. Hapa akitoka nje amekabidhiwa kwa mtu wa ghorofa ya tatu mwenye simu. Siku ya nne tu ya Azimio, saa tano asubuhi, alikuja askari mmoja mpole kuuliza watoto walio nyuma ya jengo ni wa nani na mlezi wao yuko wapi. Mlezi wao nilikuwa jikoni, Ndugu Mwenyekiti, nikisonga ugali wa wale wale watoto. Askari alikubali maelezo yangu, na hata ule ugali aliutazama kwa hamu, ila akashauri mtu mzima awe anaonekana.

Kwa hiyo nikanunua kiti cha kukunja, nakaa nje. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka muda wa kujiandaa kwenda kazini, zamu ya jioni ya kutunza wazee, naonekana. Jua la Julai la huku unalijua, linakupika kwa mvuke kama kisamvu. Mbu nao wananiona. Nimeongezeka kilo tatu kwa kukaa, kwa sababu ukikaa unatafuna karanga. Naomba Kamati ipime yenyewe. Tulikuwa na mtoto aliyekaa siku nzima, akiharibu macho na mgongo. Sasa tuna mama aliyekaa siku nzima, akiharibu macho na mgongo. Ugonjwa haukupona, umehama tu, tena umemhamia mtu anayelipa kodi ya nyumba.

3. Kanuni. Hili ni zito na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Wiki ya kwanza watoto walitoka nje wakasimama. Walisimama kabisa, mikono mifukoni, wakisubiri mchezo uanze wenyewe. Vaileth aliniuliza kwa Kiingereza nje kunabonyezwa wapi. Nikaona ni wajibu wetu wazazi kuwafundisha, maana tulijisifu. Jumamosi tukakusanyika pale maegeshoni: mimi na Festus mume wangu, Mugo wa Nyeri anayeendesha basi, Ochieng fundi bomba, na Mama Noëlla wa Bukavu anayesuka nywele. Nikatangaza tutawafundisha rede.

Ndipo ilipogundulika kwamba wazee watano tulikuwa na utoto wa aina tano.

Mimi nikasema wawili wanarusha mpira kutoka pande mbili, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mugo akacheka. Akasema, "Sasa hiyo chupa ni ya nini, manze? Hii kwetu inaitwa kati. Unakwepa, unapigwa, unatoka. Wacha kutuletea mambo ya jikoni." Festus, ambaye nimeolewa naye miaka kumi na minne, akasimama upande wangu kuhusu chupa, halafu akasema ukipigwa mguuni hujafa. Nikamwambia kwetu ukipigwa popote umekufa. Akasema kwao Usangi hawaui watu ovyo. Ochieng akasema kwao mpira ulikuwa wa mifuko ya nailoni, na huu wa dukani unaruka mno, kwa hiyo mchezo wote ni batili. Mama Noëlla alitusikiliza mpaka akachoka. "Kwetu hatuchezake vile," akasema. "Mabinti banarukaka na kupiga mikono. Mpira ni ya wanaume, bon, na hata bo banashindwaka."

Tulibishana dakika arobaini na tano. Watoto kumi na wawili waliketi ukingoni mwa njia, wametulia, wakitutazama kwa zamu kila aliyesema, na Vaileth aliuliza nani anaongoza. Tafadhali iandike hiyo kwenye kumbukumbu za Kamati. Siku ya kwanza ya kufundishwa michezo ya nje, watoto walikaa chini wakatazama watu wakipigana, bila hata pedi ya gemu mkononi.

Aliyetuokoa ni Bi Kamilah. Huyu ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni kule Shaw, Washington, tangu mimi sijazaliwa, na hajakisahau hata nukta. Alitoka na daftari. Akamhoji kila mmoja wetu peke yake, akaandika, akafunga kalamu, akatusomea hukumu. "Kwa kuwa kila shahidi ana hakika," alisema, "na kwa kuwa hakuna mashahidi wawili wanaokubaliana, mahakama inaamua kwamba chupa itakuwepo, mguu hautahesabiwa, na Bibi Noëlla atapewa siku yake ya Jumatano." Hakuna aliyekata rufaa, Ndugu Mwenyekiti. Ungekataje, na kila ukitafuta neno la kumjibu yeye analo la kwake lililonyooka zaidi? Tulizaliwa ndani ya lugha hii, tukanyamazishwa nayo na mwalimu wa Washington.

Mchanga haukuwepo, hapa ni lami na nyasi tu. Wakajaza chupa kwa mchele wangu.

4. Mume wangu. Baada ya hukumu ilibidi watu wazima waonyeshe mfano. Kuonyesha mfano kulitakiwa kuchukue dakika kumi. Sasa ni wiki ya sita wanaonyesha. Festus anatoka ghalani saa kumi jioni, mwili umechoka kwa kubeba makasha tangu alfajiri, na zamani alikuwa anaingia ndani anasalimia watu. Siku hizi anaegesha gari, anavua fulana ya kazi, anaingia katikati. Ana miaka arobaini na sita. Wiki jana alikwepa mpira wa Ochieng kwa namna ambayo, nakiri, ilipendeza sana, lakini goti halikurudi naye. Mimi kazini nawafundisha wazee kuteremka kitandani kwa awamu. Nikirudi nyumbani namfundisha Festus.

Na watoto wanalalamika kwamba zamu hazifiki. Christopher aliniambia kwamba baba na Mugo wanang'ang'ania mpira. Ikiwa swali la Kamati lilikuwa nani anawanyima watoto michezo ya nje, basi naomba jibu lirekebishwe. Gemu halikuwahi kumsukuma mwanangu akae pembeni. Aliyemsukuma ni baba yake mzazi, mbele ya mashahidi.

5. Mama yangu. Hapa, Ndugu Mwenyekiti, sitanii, na kama ulikuwa unacheka naomba uache kidogo.

Wewe una watoto, unajua ilivyo. Tunawasemesha Kiswahili, wanatujibu Kiingereza. Wanasikia kila kitu, hasa tunayosema kwa siri, lakini mdomo haufunguki. Mama yangu yuko Moshi, ana miaka sabini na tisa, na Kiingereza chake ni "gudi moningi" tu, asubuhi na jioni. Kila nikimpigia simu ya video namkabidhi Christopher. Anasema "hai, Bibi." Bibi anasema ujambo mjukuu wangu, umekula, shule vipi, mbona umekonda. Christopher anatazama miguu yake. Halafu ananirudishia simu, na mama yangu ananiambia mtoto ni mpole. Si mpole. Hana la kumwambia, na mama anajua, na mimi najua kwamba anajua.

Lakini Jumamosi saa tatu asubuhi, ambayo Moshi ni saa kumi jioni, Christopher alikuwa anavaa vile vidude vya masikioni na kucheza gemu na Godlisten, mtoto wa kaka yangu. Godlisten anaishi na Bibi, na bando lake kaka ananunua kwa shingo upande. Nilikuwa napita na kapu la nguo nasikia mwanangu anasema, "Nipasie. Nipasie, we. Kaa nyuma. Mbona umeniacha?" Maneno mafupi ya mpira, ndiyo, lakini yalikuwa yanamtoka bila kusukumwa. Mama yangu alikuwa anakaa chumba kile kile akimenya ndizi. Siku moja alimnyang'anya Godlisten vidude akavivaa yeye. Nikamsikia Christopher anasema, "Shikamoo Bibi. Nimekula. Makande. Subiri Bibi, wananifunga." Wakamfunga kweli. Nilisimama kwenye ujia na lile kapu mpaka mkono ukafa ganzi.

Sikukumbuka hilo siku ya nyama choma. Nilikuwa na kipaza sauti, nilikuwa nakumbuka utoto wangu mwenyewe. Jumamosi iliyofuata kaka akanipigia kuuliza kama kuna msiba, kwa sababu mama amekaa mbele ya luninga ya Godlisten tangu saa tisa na Christopher hajatokea. Jumamosi ya pili alikaa tena. Ya tatu hakukaa, alisema ana kazi shambani. Ana miaka sabini na tisa, shamba lenyewe alishamwachia kaka. Nimemkosea mama yangu, na nimefanya hivyo huku napigiwa makofi, na silali vizuri.

Kwa sababu hizo tano, naiomba Kamati yako tukufu mambo yafuatayo:

(a) Mashine ya Christopher irudishwe kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Iko ndani ya kanga ya kijani yenye maandishi ya kumsema jirani. Kanga nayo naiomba.

(b) Ikiwa Kamati inaona aibu kutengua Azimio, basi Azimio lisomwe upya. Linasema watoto wacheze nje, halisemi wacheze nini. Tuna kibaraza. Nimeshapima waya wa umeme, unafika. Christopher atakaa nje, jua likimpiga, mbu wakimuuma, na atacheza gemu kwa kufuata Azimio neno kwa neno.

(c) Katika mashine kumi na tisa zilizoko kwenye chumba cha chini cha nyumba yako, Kamati iazimishe tatu kwa akina baba wa Hyattsville, yaani Festus, Mugo na Ochieng, ili wakae ndani na watoto wapate nafasi ya kucheza nje. Naamini hii ndiyo ilikuwa nia ya Kamati tangu mwanzo.

(d) Nisipewe tena kipaza sauti mkutanoni kabla sijanawa mikono.

Najua Annandale na huku ni mbali na barabara ya mzunguko haina huruma. Festus hawezi kukanyaga breki kwa sasa, kwa hiyo nitakuja mwenyewe kwa basi na treni, au tukutane katikati popote utakapoona panafaa. Nitaleta vitumbua.

Msalimie sana wifi Adela na umwambie kilemba kile alichoniagiza nimekipata. Wasalimie watoto, kama wako ndani, na kama wako nje waambie waingie wapumzike. Wajumbe wote wa Kamati nawaheshimu, pamoja na katibu aliyeandika jina langu kwenye muhtasari kwa herufi kubwa. Bi Kamilah anakusalimu, na anauliza kwa nini katika Azimio kifungu cha pili na cha tano vinagombana.

Ni mimi mwanajumuiya wako mtiifu, mwenye majuto,

Leokadia Massawe
(Mama Christopher)

Baadaye, Jumamosi: Ndugu Mwenyekiti, bahasha nilikuwa sijaifunga, nafungua barua kuongeza haya, na yakikukuta umeshaweka mashine kwenye gari, naomba uishushe.

Leo saa tatu mama alipiga mwenyewe kwa simu ya kaka. Christopher alikuwa nje. Nikafungua dirisha nikamwita, nikijua nitakachopata. Alipanda ngazi anahema, jasho mpaka kwenye soksi, akachukua simu, nikasubiri ile "hai, Bibi." Akasema, "Shikamoo Bibi, nakuja, tuko kwa mchezo, wacha nikuonyeshe," akashuka nayo mbio. Hiyo "kwa mchezo" na "wacha" ni za mtoto wa Mugo. Nilivaa ndara nikamfuata.

Niligundua mambo ambayo sikuyaona wiki saba nikiwa kwenye kiti, maana nilikuwa nawatazama kama wanaumia, sikuwasikiliza wanasema nini. Watoto wa jengo la pili hawajui Kiswahili. Kwa hiyo wetu wakiwa timu moja wanapeana mipango kwa Kiswahili, mbele yao, waziwazi. Wa Mugo, wa Ochieng, wa Noëlla, wangu, na mjukuu wa Bi Kamilah anayeitwa Imara, kila mmoja na cha kwake, wamekichanganya kikawa kimoja ambacho sijui nikiiteje. Mwanangu alikuwa anasema "rusha ya chini, ule haonake kushoto," sentensi yenye nchi tatu ndani yake, na wote walielewa isipokuwa maadui.

Aliisimamisha simu juu ya kiti changu cha kukunja, ikiegemea begi la Bi Kamilah. Mama alitazama kidogo, kisha akaanza. "Kristofa, inama. Inama, baba. Huyo wa kushoto ana hila." Christopher akajibu bila kugeuka, "Namwona Bibi." Watoto wengine wakauliza huyo mama anasema nini. Mwanangu, ambaye hana la kumwambia bibi yake, akasimama katikati ya maegesho akawa mkalimani. Bibi anasema sentensi, yeye anawageuzia kwa Kiingereza, wao wanauliza, yeye anamrudishia Bibi kwa Kiswahili, Bibi anacheka, Godlisten nyuma yake anacheka, na mchezo unaendelea. Ilikuwa saa nzima na dakika kumi. Mara mbili alikwama neno. Mara zote mbili alimuuliza Bibi, hakuniuliza mimi.

Nami nilitaka tu kumwona mama yangu akicheka. Nikasogea mbele ya simu, nikainama, nikamwambia shikamoo mama, leo umependeza. Nilikuwa nalia, sifichi. Nilidhani ataniuliza kuna nini.

Mama akasema, "Leokadia, sogea hapo, unanikinga."

Nikasogea.